Kuziba mianya ya kerneli inayovujisha siri kwenye Linux

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, ni za steshenari: leo anakaa huyu, kesho yule. Kwa mashine kama hizo, usiache kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ivujishe siri; anza hivi.

Ingia kama mtumiaji wa kawaida, si root (msimamizi mkuu), uandike kwenye terminali:

head /proc/kallsyms

Sifuri tupu mwanzoni mwa kila mstari? Safi. Ukiona tarakimu nyingine, hasa namba zinazoanza na ffffffff, pana kazi. Hizo ni anwani za kerneli kwenye memori. Kerneli hubadilisha mahali inapokaa kila mashine inapowaka, ili mvamizi asijue pa kulenga. Akipata anwani moja tu, anapiga hesabu ya nyingine.

Tengeneza faili /etc/sysctl.d/90-siri.conf, uweke:

kernel.kptr_restrict = 2
kernel.dmesg_restrict = 1

Mstari wa kwanza huficha anwani hizo; wa pili hufunga dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, kwa mtumiaji wa kawaida. Kisha andika sudo sysctl --system ili mipangilio ianze kazi. Sasa andika dmesg bila sudo, inatakiwa ikukatalie. Angalia pia nani yumo kwenye kundi la adm, maana kwenye Ubuntu huyo husoma kumbukumbu za kerneli kupitia /var/log hata ukifunga dmesg. Mteja wa kuchapa barua hahitaji kuwemo.

Halafu kagua udhaifu wa prosesa:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Meltdown, udhaifu wa prosesa uliotangazwa Januari 2018, uliruhusu programu ya kawaida kusoma memori ya kerneli kwenye prosesa nyingi za Intel, na mitumba yetu imejaa hizo. Likitokea neno Vulnerable, sasisha kerneli na uwashe mashine upya. Usiposubiri umeme ukatike ndipo iwashwe, nitashukuru.