Kabla ya miezi ya vumbi: kuandaa filta ya hewa ya ndege ya kujiundia

Mvua ikishakatika Dodoma, kwa kawaida mwezi wa nne au wa tano, ardhi hukauka upesi, na ifikapo Agosti upepo unakuwa umeanza kuinua vumbi jekundu. Anayerukia kiwanja cha udongo aiandae filta kabla ya hapo. Vumbi hili limejaa chembe za mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, hukwangua ringi na kuta za silinda kidogo kidogo, hadi siku unapogundua injini inakula oili na kompresheni imeshuka.

Kwanza hakikisha filta uliyonayo ni ya kuoshwa. Ya pamba ina tabaka za kitambaa cha pamba kati ya nyavu mbili za waya, imekunjwa mikunjo, na kingo zake ni za mpira. Ya karatasi ikishalowa ni ya kutupa. Za sponji zilizotiwa dawa ya kunasa vumbi kiwandani nyingi hazioshwi. Hubadilishwa kwa muda alioandika mtengenezaji.

Vya kuwa navyo mkononi: sabuni maalumu ya filta za pamba, oili ya filta hizohizo (huwa na rangi ili uone ilipofika), ndoo mbili, kitambaa cheupe, tochi, klampu mpya na waya wa usalama. Petroli na mafuta ya taa yaache mbali, kwa sababu hulainisha mpira wa kingo na mabaki yake yanaweza kushika moto injini ikikohoa wakati wa kuwasha. Kompresa nayo hutoboa pamba matundu ambayo jicho halioni. Oili ya injini si mbadala: hutiririka ikajikusanya chini, mikunjo ya juu ikabaki mikavu.

Maji pia yafikiriwe mapema. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na chumvi hubaki kwenye pamba maji yakishakauka. Osha nayo ikibidi, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya kunywa.

Ukishaitoa filta, ziba mdomo wa hewa kwa kitambaa safi chenye utepe mwekundu mrefu, usije ukawasha injini kikiwa ndani. Gonga filta taratibu vumbi lililolegea lidondoke, pulizia sabuni pande zote mbili, subiri kama dakika 10 bila kuiacha ikauke. Suuza kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Ukienda kinyume unausukuma uchafu ndani ya pamba. Kausha chumbani, si uani, maana upepo wa mchana utairudishia vumbi kabla hujaitia oili. Usitumie moto wala mashine ya kukaushia nywele. Iache ilale hadi kesho yake, kwani penye unyevu oili haishiki.

Oili ipite mstari mmoja juu ya kila mkunjo, kisha ngoja dakika 20 isambae. Panapobaki peupe ongeza tone. Ikizidi, injini itaivuta ikaganda kwenye kabureta au kwenye vihisio vya hewa. Kwenye injini kama Rotax 912, ambayo katika ndege nyingi kila kabureta ina filta yake, osha zote mbili siku moja na uzitie oili sawa. Moja ikiwa nzito kuliko mwenzake, kabureta hazivuti sawa na injini hutetemeka. Vijibomba vya kupumulia vya kabureta virudi palepale vilipokuwa, la sivyo mchanganyiko wa petroli na hewa utabadilika.

Sasa penye uzito wenyewe: kingo. Filta chafu kidogo bado inachuja vizuri, lakini mwanya mwembamba pembeni mwa filta safi unapitisha vumbi bila kizuizi. Pinda mpira kwa vidole ukitafuta nyufa. Mulika tochi ndani usiku, na mwanga ukitokea kama nukta kali, hiyo ni ya kubadilishwa. Kwenye boksi la hewa, angalia kama filta inabanwa kote na mfuniko haujapinda. Klampu ikazwe kwa kiasi, kisha funga waya wa usalama ili mtetemo usiivue. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba, sehemu unayoweza kuifikia tu, na baada ya saa chache za kuruka ifute kwa kitambaa cheupe. Ukihisi mchanga kati ya vidole, usiioshe tena filta, tafuta mwanya.

Kumbuka pia kwamba katika ndege nyingi hewa ya moto ya kabureta (ya kuzuia barafu) na hewa ya akiba (ya kutumika filta ikiziba) hazipiti kwenye filta. Jaribio lake lifanye kwenye lami au penye nyasi, kwa muda mfupi, na kagua kama mlango wake unafunga sawasawa. Ukibaki wazi nusu, kazi yote ya kuosha imepotea.

Kabla ya kuitoa filta, andika mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa umesimama na gesi yote, pamoja na joto la siku hiyo. Rudia baada ya kuirudisha. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hapo tayari imepoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Mizunguko ikishuka baada ya kuosha, oili imezidi au kuna kitambaa kilichosahaulika: usiruke hadi ujue ni kipi.