Kupangisha upya kona ya magazini Lubumbashi: karatasi kwanza, pesa baadaye

Magazini ya katikati ya mji au ya pembeni ya soko la Kenya, komini ya mji huu, mara nyingi huwa kubwa kuliko biashara iliyomo. Mwenye kontra, yaani mpangaji mkuu, anakata kona: huku mwuza yunite na M-Pesa, kule fundi cherehani, mlangoni mama wa vipodozi. Ni desturi ya mji, ila sheria inaanzia upande wa pili. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo ya Kinshasa inafuata sheria za OHADA, yaani sheria za biashara zinazotumiwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, na kwa nyumba za biashara zinasema hivi: kontra ikinyamaza, kupangisha upya ni marufuku, iwe magazini nzima, iwe meza moja.

Kwa hiyo fungua kontra yako, utafute neno « sous-location », yaani kupangisha upya. Usipoliona, au ukiona limekatazwa, mwandikie mwenye nyumba kabla ya kumwonyesha mtu yeyote kona. Barua itaje ukubwa wa sehemu (kwa mfano mita 2 kwa 3, upande wa dirisha), kazi itakayofanyika, muda na kodi. Aitie sahihi kopi yako. « Hakuna shida, papa, endelea » ya kwenye simu haina uzito siku mtoto wake atakaporithi nyumba.

Ruhusa ikishapatikana, kazi haijaisha. Kontra utakayofanya na mpangaji mdogo, yule anayechukua kona, nayo lazima mwenye nyumba ajulishwe kwa maandishi. Hapa ndipo wengi huanguka. Asipojulishwa, kwake yeye mpangaji mdogo ni kama hayupo: hawezi kudai haki yoyote mbele yake, hata awe na risiti za miaka miwili.

Angalia pia kazi yenyewe. Kama kontra inasema nguo, huwezi kuweka mtu wa kuchomea vyuma bila idhini ya wazi ya mwenye nyumba kwanza; bora iwe ya maandishi.

Sasa pesa. Tuseme unalipa dola 900 kwa mwezi, na kona tatu zinakuingizia 350 kila moja: jumla 1.050. Umepita kodi yako kwa 150, na mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yako ipande kwa kiasi hicho. Msipoelewana, korti ndiyo itakayopanga. Komisioneri, dalali wa nyumba, hatakuambia hili, maana yeye analipwa siku ya kusaini. Faida ya kupangisha upya inaingia pia katika kodi ya mapato ya nyumba, IRL, inayokusanywa na jimbo. Weka risiti za pande zote mbili, uliyolipa na uliyopokea, kwa sababu bila ya kwanza utashindwa kuonyesha kwamba faida ni ndogo.

Muda wa mpangaji mdogo usipite wako. Kontra yako ikiisha 31 Desemba na umefanya biashara humo angalau miaka miwili, una haki ya kuomba iendelee, lakini ombi lifike miezi mitatu kabla, yaani mwisho wa mwezi wa tisa. Ukichelewa, haki imepotea. Ukiwahi, mwenye nyumba ana hadi mwezi mmoja kabla ya mwisho kujibu. Akikaa kimya, amekubali. Mpangaji mdogo naye anakuomba wewe kwa muda uleule, na hawezi kupata zaidi ya ulicho nacho.

Ugomvi wa kila siku, hata hivyo, hauletwi na sheria. Unaletwa na umeme. Kasiki ya saluni, ile ya kukausha nywele, inakula zaidi kuliko cherehani, halafu faktire ya SNEL, kampuni ya umeme, inakuja kwa jina lako. Funga mita ndogo kwa kila kona, andika namba yake ya siku ya kuingia ndani ya kontra, mtie sahihi wote wawili, na msome pamoja kila tarehe 1.