Tandiko la farasi la mtumba: likague kabla ya kulifunga

Ukipata tandiko la ngozi la mtumba hapa Dar, usidanganywe na mng'ao. Ligeuze chini juu utazame mfereji wa katikati, ile nafasi inayopita juu ya uti wa mgongo wa farasi. Matandiko yaliyofukuliwa kwenye makaburi ya Pazyryk, milima ya Altai huko Siberia, yana zaidi ya miaka 2,000, nayo yalikuwa mito miwili iliyojazwa, mmoja kila upande, uti wa mgongo wa farasi usiguswe. Baadaye vikaja vikuku, vile vya kukanyagia vinavyoning'inia pande mbili za tandiko. Kufikia karne ya 4 China walikuwa navyo vya jozi. Mpandaji akisimama juu ya vikuku, uzito wote unaning'inia sehemu mbili ndogo, na bila kiunzi, yaani fremu ngumu iliyo ndani ya tandiko, cha kuusambaza, mgongo unachubuka.

Kwa hiyo anza na kiunzi. Egemeza upinde wa mbele pajani, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, vuta kuelekea kwako. Kiunzi kizima hunesa kidogo kikarudi. Kikijikunja katikati au ukasikia kitu kinasagana ndani, kimevunjika; liache hata kama bei ni ya kutupa.

Mfereji uingie vidole 3 hadi 4, mwanzo hadi mwisho. Kisha weka tandiko mgongoni mwa farasi bila blanketi, nyuma ya mfupa wa bega, lisipite ubavu wa mwisho. Mpandaji akishakaa, kati ya upinde na nundu ya mabega vibaki vidole 2 au 3. Tandiko likibana, blanketi nene linazidisha kubana.

Baada ya nusu saa ya kazi, lifungue usome jasho. Kwa joto letu mgongo huwa umelowa chini ya mito yote miwili. Kiraka kikavu katikati ya ule unyevu huenda ni mahali panapokandamizwa mno. Ukipuuza, baadaye nywele nyeupe huenda zikaota hapohapo.

Masika, Machi hadi Mei, ukungu hauchelewi. Ufute nje ya stoo, safisha kwa sabuni ya ngozi, anika kivulini penye upepo. Jua la saa saba hukausha ngozi ikapasuka. Mafuta yawe kidogo, maana yakizidi ngozi hulegea na nyuzi huoza. Kunja mikanda ya kufungia kwenye kila tundu: ukiona nyufa, usipande. Fundi viatu mzuri anaweza kushona mkanda mpya kwa uzi mnene uliopakwa nta, ila kiunzi asikiguse.