Kusuka nywele ndefu kwenye kichwa cha udongo

Nilinyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kama wasichana wengi waliosoma shule za serikali hapa Tanzania. Mama, akishasukwa, misuko yake ilifika katikati ya mgongo. Nilikaa nyuma yake nikiishika huku kichwa changu kikiwa kipara. Ndiyo maana nikifinyanga kichwa cha mwanamke, nywele nazipanga kabla ya uso.

Udongo mtupu husinyaa sana, na misuko ndiyo huachia kwanza. Twanga vigae vya chungu kilichovunjika, chekecha, kisha changanya kipimo kimoja cha unga huo na vinne vya udongo. Jenga kichwa kwa kamba za udongo, kiwe tupu ndani na wazi chini ya shingo, kuta unene wa sentimita moja. Kiache kikaze hadi kiwe kama sabuni ya mche: ukucha unaacha alama, kidole hakibonyei.

Sasa gawa njia kwa kijiti chenye ncha, kama unavyogawa kichwa cha mtu. Usiharakishe hapa. Wapo wanaosuka pembeni wakaja kubandika juu kama kofia, na misuko inaonekana hivyo hivyo, kofia. Mtindo wa twende kilioni lazima uanzie kwenye paji na kukimbia hadi kisogoni, ngozi ikionekana kati ya mstari na mstari. Mama zangu wadogo wakitazama kazi yangu hufuata njia kwa kidole kwanza, uso baadaye.

Viringisha kamba nyembamba kama penseli, uzifunike kwa kitambaa kibichi. Kwaruza kila mstari, paka uji wa udongo, kisha suka tatu tatu ukibonyeza kila pindo kichwani. Msuko ukivuka kisogo, ulaze shingoni hadi mabegani na uushikize kila baada ya vidole viwili. Nilipouacha wa kwanza uning'inie, ulikatika ukiwa bado unakauka, na nililia.

Ukitaka kuona nywele zinavyoweza kubeba chungu kizima, tafuta picha za vyungu vya Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, vya mwanzoni mwa karne ya 20. Kichwa ni kirefu, nywele zinapanda na kutanuka, na kwenye vingi nywele hizo ndizo mdomo wa chungu. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, naye hajengi vyungu vyake kwa gurudumu. Huviinua kwa mikono, huvisugua hadi ving'ae, na weusi wa vyungu hivyo huupata kwa kuvichoma tena katika moto ulionyimwa hewa.

Kausha kichwa chako cha udongo kivulini wiki mbili, chini ya nailoni yenye matundu. Unyevu uliobaki ukifika nyuzi 100 hugeuka mvuke na kupasua kila kitu, kwa hiyo saa mbili za mwanzo za kuchoma, moto uwe mdogo. Mwishoni mimi hukitoa motoni kwa miti mirefu kingali chekundu, nikafukia upande wa nywele kwenye pumba za mpunga. Moshi unaingia kwenye misuko, uso unabaki na rangi ya udongo.

Cha kwanza kilichotoka kizima nilimpelekea mama. Alihesabu mistari kwa kidole, akafika wa nane, akaniambia wa tisa nimeusahau, nyuma ya sikio la kushoto. Nimeuweka kwenye hiki ninachokausha sasa.