Mtoto kaingia fomu wani: achukue Kifaransa, Kiarabu au aache? Namna ya kuchagua masomo ya hiari

Kila Januari ni yaleyale. Mtoto kaanza sekondari, skuli wamempa karatasi ya masomo, mwalimu anataka jibu Jumatatu, na nyumbani kila mtu ana lake, baba anataka sayansi tu, mama anasema Kiarabu mana ndo lugha ya dini, mjomba aliopo Maskati anapiga simu anasema msomesheni Kiarabu aje huku, na mtoto mwenyewe hajaulizwa na mtu. Mimi nasomesha fomu wani na fomu tuu hapa Unguja na nayaandika haya kwa wazee na kwa nyinyi vijana wenyewe mlioshika simu, kwa sababu uamuzi huu watu wanaufanya kwa dakika tano halafu mtoto anakaa nao miaka mine.

Anzeni na hesabu, lugha gani mtaijua baadae. Matokeo ya fomu foo NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Divisheni wani ni pointi 7 mpaka 17, tuu ni 18 mpaka 21, thrii ni 22 mpaka 25, foo ni 26 mpaka 33. Sasa chukua mtoto wa kawaida kabisa, ana C sita, hizo ni pointi 18, na la saba kapata D, jumla 22, hio thrii. Mtoto huyohuyo angekuwa na somo moja la ziada, tuseme Kiarabu, akapata C tu wala si A, basi ile D inawekwa pembeni, anapata 21 na hio ni divisheni tuu. Somo la ziada likienda vibaya halimshushi pointi kama ana saba nyengine nzuri, linachomgharimu ni muda wake. Kwa hio swali la kweli ni muda na nguvu za mtoto, na wazee wengi hili hawaliulizi.

Lakini msije mkanielewa vibaya. Kwenda fomu faivu hawaangalii divisheni peke yake, wanaangalia na kombi, yaani masomo matatu atakayoyasoma huko. Anaetaka PCB lazima afaulu fizikia, kemia na bailojia, na Kiarabu cha A hakimuingizi huko. Anaetaka HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) ndo lugha zinaanza kuwa na uzito, na ipo KLF ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, ambayo hawezi kuiwaza kama fomu foo hakukaa mtihani wa Kifaransa. Kaeni na mtoto mumuulize anapenda nini, kama bado hajui (na miaka 13 wengi hawajui, hilo si kosa) msimfungie mlango wa sayansi mapema, mpeni lugha juu ya sayansi mpaka fomu tuu halafu mtaona.

Sasa la muhimu kuliko yote, na hapa nataka mnisikilize kweli: chagueni mwalimu kabla ya lugha. Somo kuwepo kwenye karatasi si dalili kuwa mwalimu yupo. Nendeni skuli muulize kwa adabu tu, mwalimu wa Kifaransa nani, ni wa kuajiriwa au anajitolea, akiondoka nani anashika, vipindi vingapi kwa wiki, na je kipindi hicho kimegongana na somo jengine kwenye ratiba. Hili la ratiba linaumiza watoto sana, unakuta lugha imewekwa kipindi kimoja na fizikia na mtoto anaambiwa achague siku hiohio. Halafu ulizeni mwaka jana wangapi walikaa mtihani wa somo hilo fomu foo. Kama hakuna hata mmoja, ulizeni kwa nini, mana mtoto anaweza kusoma miaka yote halafu siku ya kusajiliwa anaambiwa somo hilo hapa hatusajili.

Na jibu hili mnaweza kulitafuta wenyewe bila kumsumbua mtu. Ingieni tovuti ya NECTA, fungueni matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliopita, tafuteni kituo cha skuli yenu, teremkeni mpaka chini kabisa kuna jedwali la kila somo, wangapi walisajiliwa, wangapi wamefaulu. Kama Kiarabu walikaa arobaini wakafaulu thalathini na tano, kuna mwalimu pale. Kama walikaa watatu na wote wamefeli, hata lugha iwe nzuri vipi mimi mtoto wangu nisingempeleka kwa skuli hio, ningemtafutia kwengine kwa kusoma.

Haya, lugha zenyewe.

Kiarabu kwetu kina faida ambayo watoto wa sehemu nyingi hawana, mtoto wa Kizanzibari akifika fomu wani keshapita chuo cha Qur-ani, herufi anazijua, anasoma kwa harakati, sauti kama ain na dhadi ulimi umeshazoea. Kifaransa hana cha kuanzia, Kiarabu kashavuka ukuta wa kwanza. Ila wazee wengi wanadhani mtoto aliyekhitimu msahafu Kiarabu anakijua, na hapo ndo watoto wanapata taabu, kusoma Qur-ani vizuri ni jambo moja na kuandika insha, kujua nahau, kunyambua vitendo ni jambo jengine, akaanza somo kwa kulidharau anakuja kushtuka fomu tuu. Mwambieni mapema kuwa anaanza na mtaji lakini kazi bado ipo. Faida yake mbele ni kubwa, anaetaka kwenda Al-Azhar Cairo, anaetaka kazi Oman au Imarati, anaetaka kuwa mkalimani, yote hayo yako wazi, na Kiarabu ni moja ya lugha sita za Umoja wa Mataifa. Kwa ndugu zetu wa Pemba, ambao nyumba nyingi zina jamaa Oman, mimi naona Kiarabu ndo chaguo la kwanza, mana mtoto ana wa kuzungumza nae hata kwa simu.

Kifaransa watu wanakiona ni cha mahoteli tu, na wapo wazee wanaowakataza watoto wa kike kwa sababu hio, nami nawaombeni muache. Congo DRC imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wale wanazungumza Kiswahili na Kifaransa. Burundi na Rwanda Kifaransa wanacho. Wangazija, ambao tumeoana nao tangu na tangu, Kifaransa ni lugha yao rasmi pamoja na Kiarabu na Kingazija. Umoja wa Afrika mwaka 2022 umekubali Kiswahili kiwe lugha ya kazi pamoja na Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza, kwa hio mtoto wa Makunduchi mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho akaongeza Kifaransa safi, huyo anatafutwa ukalimani, msichana au mvulana. Ugumu wake ni matamshi, herufi nyingi zinaandikwa na hazitamkwi, na kila kitu ni cha kiume au cha kike. Hili la pili watoto wetu wanalishika haraka kuliko mnavofikiria, mtu aliyekua anasema kiti changu na meza yangu bila kufikiri keshazoea nomino kubadilisha maneno yaliyo jirani yake, mwalimu akimuonesha hilo tu anatulia.

Kichina nacho NECTA wanatahini siku hizi. Madaktari wa Kichina wako Mnazi Mmoja na Abdalla Mzee kule Mkoani tangu miaka ya 1960 walipoanza kuja Zanzibar, na biashara Darajani nyingi mzigo unatoka Guangzhou, kwa hio kazi ipo. Ila Kichina kinataka toni nne na mamia ya alama za kukariri kwa mkono, na bila mwalimu wa kila wiki mtoto hafiki popote. Kama skuli yenu ina mwalimu wa kudumu basi jaribuni, kama haina achaneni nacho kwa sasa.

Kitaliano nimeulizwa sana, hasa na watu wa Kiwengwa na Nungwi ambako vijana wa pwani wanakizungumza kama maji. Skuli hakuna mtihani wake. Mtoto aanze Kifaransa, lugha hizo mbili zote zimetoka kwenye Kilatini, akimaliza fomu foo Kitaliano atakidaka kwa miezi michache. Na tafadhali, mtoto wa miaka 13 asipelekwe ufukweni kufanya mazoezi na wageni, akikua mwenyewe ataenda na cheti chake.

Nani asianze lugha mpya? Mtoto ambae Kiingereza kinamtupa. Masomo ya sekondari karibu yote yanasomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ukitoa Kiswahili, dini na Kiarabu chenyewe, kwa hio kama hawezi kusoma swali la jiografia akalielewa, ile saa ya Kifaransa mpeni Kiingereza mwaka mzima kwanza. Kiarabu hapa ni tofauti kidogo kwa sababu hakimtegemezi kwenye Kiingereza, wapo watoto dhaifu kwa Kiingereza ambao Kiarabu ndo kimewapa moyo wa kupenda skuli, huyo msimnyang'anye. Na anaependa kompyuta au bukkiping kwa dhati aachiwe, si kila mtu lazima abebe lugha nyengine.

Anaeanza aanze fomu wani, asisubiri fomu thrii, mana lugha haishikiki kwa miaka miwili na masomo mengine yamepanda. Mtihani wa fomu tuu wa Baraza la Mitihani la Zanzibar ndo kipimo chenu, kipimo changu mimi ni hiki: akipata 45 na kuendelea, ambayo kwa fomu foo ni C, aendelee nayo. Akiwa chini ya 30 aache bila kelele nyumbani, ajaze muda huo kwa somo la kombi yake. Wa katikati muulizeni yeye na mwalimu wake, kama anaongeza daftari mwenyewe bila kusukumwa basi muacheni.

Nyumbani dakika ishirini kila siku zinatosha, ila ziwe kila siku. Alhamisi usiku masaa matatu halafu wiki nzima hakuna, hio haifanyi kazi kwa lugha. Wenye dishi wafungue Al Jazeera ya Kiarabu wakati wa chakula, wenye Kifaransa wasikilize RFI, redio ya Ufaransa, kwenye simu, haidhuru haelewi mwanzo, sikio linazoea. Kwa walio mjini, TAKILUKI (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni) ilioanzia Vuga na sasa iko ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, lugha za kigeni ni kazi yake, kaulizeni hata kwa ushauri tu. Kitabu nunueni kile anachotumia mwalimu wake na si kile mlichokiona kwenye duka, na kinunuliwe wiki ya mwanzo, mana mitaala inabadilika siku hizi na kitabu cha kaka yake huenda kimeshapitwa. Karatasi ya masomo isainini mkishaonana na mwalimu wa somo, na kama skuli wanataka jibu Jumatatu na hamjaonana nae, ombeni wiki moja, wengi wanakubali.