Kujenga maktaba ya mawasiliano ya GPU na kuiunganisha na Python

Kabla ya kuandika msimbo wowote, amua kwanza ni kazi gani utakayoifanya ambayo NCCL, maktaba ya NVIDIA ya mawasiliano kati ya GPU (vichakataji vinavyofanya hesabu nyingi kwa pamoja), haikidhi mahitaji yako. NCCL tayari hujumlisha, husambaza na kukusanya data kati ya GPU za seva moja au za seva nyingi, nayo imekomaa kiasi kwamba kuiandika upya yote ni kupoteza nguvu. Sababu ya haki ya kujenga maktaba yako ni mpangilio maalumu wa mawasiliano, kwa mfano kupeleka vipande vya ukubwa usiolingana kwa GPU mbalimbali. Yaliyobaki, iite NCCL kutoka ndani ya msimbo wako.

Gawa maktaba katika tabaka mbili. Tabaka la chini liandikwe kwa C++ na CUDA (jukwaa la NVIDIA la kuandikia programu za GPU), wala lisijue lolote kuhusu Python; lipokee kielekezi cha kumbukumbu (anwani ya data), idadi ya vipengele, aina ya data na mkondo wa CUDA, yaani foleni ya kazi ambazo GPU huzitekeleza kwa mfuatano. Tabaka la juu liwe jembamba, liandikwe kwa pybind11 au nanobind (zana za kuunganisha C++ na Python), na kazi yake iwe kukagua na kutafsiri tu. Ukifuata mgawanyo huu utaweza kulijaribu tabaka la chini peke yake, na hitilafu ikitokea utajua upande wa kuitafuta.

Katika uanzishaji, kwa kawaida kila mchakato (programu inayoendeshwa) humiliki GPU moja na hupewa namba yake. Mchakato namba 0 huita ncclGetUniqueId ili kupata kitambulisho cha kundi, huwapelekea wenzake kitambulisho hicho kupitia mtandao wa kawaida, kisha wote huita ncclCommInitRank ya kujiunga na kundi, ambayo husubiri mpaka washiriki wote wafike. Ukiwa na nyuzi kadhaa ndani ya mchakato mmoja, kila uzi na GPU yake, uzi wa kwanza utasubiri huku umeshika kufuli kuu la Python liitwalo GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, na wa pili hautaweza kuingia kamwe. Kwa hiyo achilia GIL kabla ya kila wito unaoweza kusubiri. Katika pybind11 hilo hufanywa na py::gil_scoped_release.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni makubaliano kuhusu mikondo na umiliki wa kumbukumbu, kwa sababu makosa yake hayatoi ujumbe wowote bali huleta namba zisizo sahihi mara moja moja. Pokea tensa (safu za namba) kwa itifaki ya DLPack, ya kushirikiana kumbukumbu kati ya maktaba, ili watumiaji wa PyTorch na wa CuPy, maktaba za Python za hesabu kwenye GPU, wahudumiwe bila data kunakiliwa, kisha hakikisha kwamba iko kwenye GPU inayotarajiwa na kwamba vipengele vyake vimepangwa mfululizo. Kumbuka kwamba mstari wa Python unaoagiza hesabu hurudi kabla GPU haijaimaliza. Kama mawasiliano yana mkondo wake, weka tukio (alama inayotimia kazi zilizotangulia zikiisha) kwenye mkondo wa hesabu na uuamuru mkondo wa mawasiliano ulisubiri kwa cudaStreamWaitEvent. Ukishaagiza mawasiliano, fanya hivyo kwa upande wa pili: weka tukio kwenye mkondo wa mawasiliano, na mkondo wa hesabu ulisubiri kabla ya kutumia data iliyofika. Kuita cudaDeviceSynchronize, ambayo husubiri kazi zote za GPU ziishe, kungeleta jibu sahihi, lakini kungeua faida ya kuhesabu na kusafirisha kwa wakati mmoja, ambayo ndiyo sababu ya kuwa na mikondo miwili.

Umiliki nao una mtego. PyTorch hurudisha kumbukumbu ya tensa kwenye akiba yake mara tu rejeo la mwisho linapotoweka, hata kama usafirishaji haujaisha, na nafasi hiyo inaweza kupewa tensa nyingine. Mimi napendelea kumrudishia mtumiaji kitu kinachowakilisha kazi inayoendelea, ambacho hushikilia tensa hadi tukio la mwisho litimie, kwa kuwa njia hii haitegemei maktaba moja ya tensa. Ila rejeo hilo likiachiliwa na uzi wa C++ uliofunguliwa nyuma ya pazia, uzi huo lazima uchukue GIL kwanza, la sivyo programu inaweza kuanguka.

Michakato yote inapaswa kuita shughuli zile zile kwa mfuatano ule ule. Mmoja akitofautiana, wote wanaweza kukwama kimya. Weka hali ya uchunguzi inayoandika namba ya mfuatano, jina la shughuli na ukubwa wake, pamoja na kikomo cha muda ambacho kikipita maktaba huita ncclCommAbort ili kukatiza mawasiliano.

Unapojaribu, jaza tensa kwa namba kamili ndogo zinazobadilika kulingana na mchakato na nafasi, kwa maana jumla ya namba za desimali hubadilika kidogo mpangilio wa kujumlisha ukibadilika. Tanguliza pia hesabu ya polepole kwa makusudi kwenye mkondo wa hesabu, kwani kasoro nyingi za usubiri hujificha pale kila kitu kinapokwenda haraka. Kuhusu kasi, katika ujumlishaji wa pete, ambapo GPU hupitishiana vipande vya data kwa duara, kila GPU hutuma ukubwa wa data mara 2(n−1)/n, n ikiwa idadi ya GPU, yaani mara 1.75 kwa GPU 8. Gawa kiasi hicho kwa muda uliopimwa, kisha ulinganishe na uwezo wa NVLink au PCIe (njia zinazounganisha GPU) kwa uelekeo mmoja, si wa pande zote mbili. Pima ujumbe mdogo na mkubwa kando kando, kwa sababu kwa ujumbe mdogo ni idadi ya hatua za pete inayochelewesha, na hapo mpangilio wa mti, unaojumlisha kwa matawi na hivyo kuwa na hatua chache, hufaa zaidi.