SOMO: Kujifunza pikipiki hadi leseni mkononi (msinifuate tena inboksi)

Wakuu, habari za majukumu. Kila wiki naulizwa mambo yale yale kwa sura tofauti. "Mkuu nataka kujua pikipiki, naanzia wapi?" "Mkuu leseni inapatikanaje?" "Mkuu nimefeli nane" (lile zoezi la kuzunguka koni mbili kwa umbo la namba 8). Najibu, kesho anakuja mwingine na swali la jana. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hapa. Utaratibu ninaoueleza ni wa Tanzania Bara, Zanzibar wana mamlaka yao na leseni yao.

Hatua ya 1: Jua daraja lako. A ni pikipiki yenye injini inayozidi cc 125. A1 ni ya chini ya hapo. A2 ni bajaji na jamaa zake wa matairi matatu. A3 ni vile vidogo visivyozidi cc 50. Kwa hiyo mwenye Boxer 150 au TVS 150 anatakiwa A, ile A1 haimtoshi. Na wenye D ya gari, D inaruhusu gari, pikipiki haimo. Hata ya kwendea dukani.

Hatua ya 2: Makaratasi. Namba ya NIDA, TIN, na leseni ya kujifunzia. Ukiingia barabarani funga alama ya L, usione aibu.

Hatua ya 3: Mavazi. Helmeti yenye mkanda, na mkanda ufungwe. Ivae, tikisa kichwa, ikicheza si saizi yako. Viatu vya kufunika vidole, suruali nzito. Kandambili ziache mlangoni.

Hatua ya 4: Ijue ikiwa imezimwa. Mkono wa kushoto klachi, wa kulia mafuta na breki ya mbele. Mguu wa kushoto gia, wa kulia breki ya nyuma. Kuhusu gia, muulize mwenye chombo kabla hujapanda: kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyaga mbele, kuna ambazo namba moja iko chini na zilizobaki unapandisha kwa kidole. Mtu akihama kutoka moja kwenda nyingine bila kuuliza, anapunguza gia akidhani anaongeza, tairi la nyuma linamshika katikati ya barabara.

Hatua ya 5: Klachi. Tafuta uwanja tambarare. Washa, bana klachi, weka namba moja, achia taratibu bila kugusa mafuta mpaka usikie injini inalegea sauti na pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo inapokamata. Simamia hapo, bana tena, achia tena. Rudia mpaka mkono uchoke. Anayepita hatua hii haraka ndiye yule anayeruka na pikipiki hadi kwenye ukuta wa jirani.

Hatua ya 6: Breki. Zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa imenyooka, na ya mbele unaiminya kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, usiipige kofi. Kuna somo potofu la vijiweni kwamba breki ya mbele inaua. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Anayetegemea ya nyuma peke yake huserereka na kufika kwenye lori akiwa bado anakanyaga.

Hatua ya 7: Nane. Hapa tulieni.

Mtu anakimbiza 60 kwa saa kifua mbele, mwambie azunguke koni mbili kwa mwendo wa mtu anayetembea, anaweka mguu chini. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo inajisimamia. Ikienda polepole ni wewe unayeisimamisha, na una vitu vitatu tu: klachi, breki ya nyuma, na macho. Weka namba moja. Fungua mafuta kidogo, ngurumo ipande kidogo kuliko ikiwa imesimama, halafu mkono wa kulia uusahau, ubaki hapo hapo. Mwendo unautoa kwa klachi, vidole viwili juu ya leva, unacheza pale inapokamata, mara unaiachia kidogo, mara unaibana kidogo. Mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma muda wote, si wa kusimamisha, ni wa kuituliza. Magoti yabane tenki. Mwili ubaki wima, pikipiki ndiyo ilale chini yako. Macho yaende unakotaka kutokea, na kichwa kigeuke chote, kidevu juu ya bega. Ukitazama koni utaigonga tu.

Chukua chupa mbili za maji, jaza mchanga, ziweke mbali kwanza, kama mita 6. Ukizunguka bila mguu kushuka, sogeza kidogo. Fanya kushoto na kulia. Kulia kunasumbua wengi kwa sababu mkono wa mafuta unarudi mwilini, kiwiko kikikakamaa unafungua mafuta bila kujua, na koni unaipita kama mwizi. Legeza kiwiko, kishushe.

Sasa onyo, na nalisema kwa herufi kubwa: USIGUSE BREKI YA MBELE USUKANI UKIWA UMEKATWA. Tairi linasimama likiwa limegeukia pembeni, uzito wote unamwagika upande huo, na chombo cha zaidi ya kilo 100 hukizuii kwa mguu mmoja. Vidole vya mkono wa kulia vyote vishike mshikio, kisiwepo hata kimoja kinachoning'inia kwenye leva. Onyo la pili: usibane klachi yote katikati ya mzunguko. Nguvu ikikatika inaanguka upande uliolalia. La tatu: ikishaanza kulala, iache ilale, wewe toka. Indiketa inauzwa, goti halina spea. Na mguu wa kulia uwe mbali na sailensa.

Hatua ya 8: Kuondoka kwenye mlima. Shikilia kwa breki ya nyuma, achia klachi mpaka ikamate, ongeza mafuta, kisha toa breki. Ukitoa breki kwanza unarudi kinyumenyume mbele ya afande.

Hatua ya 9: Maswali ya alama na sheria za barabarani. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la bluu linaamuru. Kwenye makazi mwisho ni 50 kwa saa. Kwenye kipilefti unampisha aliye kulia kwako. Jifunze ishara za mikono pia, watu wanazidharau kwa sababu wana indiketa, halafu wanaulizwa.

Hatua ya 10: Mtihani. Unatahiniwa na trafiki, ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unakwenda nacho TRA, unapigwa picha, alama za vidole, unalipia, unasubiri. Tangu Julai 2019 leseni inadumu miaka 5 badala ya 3, na ada ilitoka 40,000 ikawa 70,000. Kabla ya kupanda siku ya mtihani, geuza kichwa uangalie nyuma, hata kama uwanja hauna mtu. Anayekutazama anakipima kichwa chako kabla ya mikono.

Ulizeni.

KIJANA WA MBAGALA: Mkuu somo zuri. Hivi hakuna njia ya kupata bila chuo wala mtihani? Hela ipo.

MWENYE SOMO: Hapana. Swali lingine.

KIJANA WA MBAGALA: Mbona wengi wanazo na hawajafanya mtihani?

MWENYE SOMO: Na wengi wako wodi ya mifupa na hawajafanya mtihani. Hapa tunafundishana kuendesha, dogo.

ZUMARIDI: Samahani kaka, mimi ni mfupi, nikikaa kwenye pikipiki miguu yote miwili haifiki chini vizuri, ni vidole tu. Mwalimu kaniambia nisubiri nipate skuta. Ni kweli siwezi?

MWENYE SOMO: Dada, huyo mwalimu amekukatisha tamaa bure. Hakuna anayehitaji miguu yote miwili chini. Ukikaribia kusimama, telezesha makalio kidogo upande wa kushoto, mguu wa kushoto ukanyage chini kwa wayo wote, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Ndivyo inavyotakiwa hata kwa warefu. Kabla ya kusimama angalia ardhi ya kushoto, usichague shimo wala kichanga. Anza na ya cc 100, ni nyepesi. Vaa kiatu chenye soli nene lakini isiteleze. Na ukiisukuma ikiwa imezimwa, iegemeze kwenye nyonga yako, usiivute kwa mikono. Jizoeze kusukuma kabla ya kupanda, woga wa uzito unaishia hapo.

ZUMARIDI: Ubarikiwe kaka. Nane je, mfupi anazunguka vile vile?

MWENYE SOMO: Vile vile, tena una nafuu. Mguu usiofika chini haushawishiki kushuka.

MKONGWE WA KIJIWE: Mimi nina mwaka wa nane kwenye boda, nimebeba watu usiku na mchana, leo nikae na watoto kuzunguka chupa? Somo hili ni la wanaoanza.

MWENYE SOMO: Sawa kaka mkubwa. Weka hizo chupa, zunguka mara tatu bila mguu kushuka, halafu urudi hapa.

MKONGWE WA KIJIWE: Sijakataa kwamba nane ina faida. Ila ni usumbufu.

MWENYE SOMO: Wakongwe ndio wanaofelia pale, kwa sababu tabia zimeshaota mizizi. Kidole kwenye breki ya mbele muda wote, mguu unaning'inia, hakuna kuangalia nyuma, na mshikaki wa watu watatu unauona wa kawaida. Kuendesha unajua. Unachotakiwa ni kufuta. Na ukumbuke leseni ya udereva haikupi ruhusa ya biashara, abiria ni kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na abiria ni mmoja, naye avae helmeti.

JOTO LA DODOMA: A1 inatosha kwa Boxer 150?

MWENYE SOMO: Hatua ya 1.

JOTO LA DODOMA: Nimeuliza tu mkuu, si lazima ukasirike.

MWENYE SOMO: Sijakasirika. Hatua ya 1, sentensi ya sita.

MDADISI: Mkuu, kuna kitu kinanichanganya. Kwenye kona za barabara kuu nikisukuma mshikio wa kulia mbele, pikipiki inalala kulia. Nilitegemea iende kushoto. Ni pikipiki yangu mbovu au?

MWENYE SOMO: Si mbovu, na umegundua jambo ambalo wengi wanalifanya miaka yote bila kujua. Kwenye mwendo wa polepole usukani unakata kama wa baiskeli ya mtoto. Ukishafika kama 30 kwa saa na kuendelea, ukisukuma kulia, tairi la mbele linachomoka kidogo kuelekea kushoto, uzito wa juu unabaki nyuma na kuangukia kulia, ndipo pikipiki inalala na kuingia kona ya kulia. Wanaoshindwa kukwepa shimo ghafla wanashindwa kwa sababu ya hili: wanapaniki, wanageuza usukani wanakotaka kwenda, na pikipiki inawapeleka kwingine. Fanya zoezi barabara nyoofu isiyo na magari, sukuma kwa kiganja, taratibu sana, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukishaielewa, kona zitakuwa zinakutii.

MDADISI: Nimejaribu asubuhi hii. Aisee!

MSAFIRI WA NAKURU: Salamu kutoka Kenya. Huku NTSA, mamlaka yetu ya usalama barabarani, wana ubao wa mji wa mfano na vigari vidogo, unaambiwa usogeze ukieleza. Huko pia?

MWENYE SOMO: Karibu ndugu. Ule ubao ni mzuri, hata wa huku wajichoree chini kwa chaki: kipilefti, njia panda, mataa. Sogeza kifuniko cha soda ukisema kwa sauti unachofanya. Ila wasomaji msichanganye madaraja. A1 ya Kenya ni ya vipikipiki vya cc 50, pikipiki ya kawaida kwao ni A2, na boda ni A3. Herufi zinafanana, maana ni nyingine.

FUNDI WA GONGO LA MBOTO: Niongeze. Wanafunzi wengi wanasukuma pikipiki kilomita nzima wakidhani imekufa, kumbe mafuta yameisha upande wa kawaida. Geuzeni koki iende rizevu. Na cheni ichezeshwe kwa kidole katikati, ipande na kushuka kama sentimita 2 hadi 3. Ikikaza sana inakula spoketi, ikilegea inachomoka.

MWENYE SOMO: Asante fundi. Na ukijaza tenki rudisha koki, la sivyo siku nyingine hutakuwa na akiba.

ZUMARIDI: Na mvua kaka? Huku kwetu imeanza.

MWENYE SOMO: Mvua ya kwanza ndiyo mbaya, inanyanyua mafuta na vumbi vilivyoganda kwenye lami. Ukiweza subiri inyeshe kwanza, barabara ioshwe. Rangi ya zebra na vifuniko vya chuma vya mitaro vinateleza, vipite ukiwa umenyooka, bila breki. Dimbwi usilolijua kina chake lipite pembeni. Acha nafasi mara mbili ya ile ya siku ya jua.

KIJANA WA MBAGALA: Mkuu, basi chuo kizuri ni kipi huku kwetu?

MWENYE SOMO: Sasa tunaongea. VETA wana mafunzo ya udereva, waulize ratiba ya pikipiki. Ukienda chuo binafsi, kabla hujalipa omba kuona uwanja wao na uhesabu pikipiki zinazowaka. Ukikuta moja kwa wanafunzi ishirini, utajifunza kusubiri zamu.